Turingi: nani aliiua, na nani anaweza kuifufua?

#1 Sampu_Kavu

Wakuu, uzi huu ni wa mbio za turingi: gari za milango minne za kuendea kazini, zilizovuliwa viti, zikafungwa kizimba cha mabomba na kupelekwa kugongana bampa Brands Hatch, Hockenheim au Bathurst. GT3 (mbio za gari za spoti) na rali zina nyuzi zake. Kila baada ya muda anatokea mtu kuandika kwamba turingi imekufa kwa sababu watazamaji wamechoka. Nakataa. Iliuliwa na bajeti, tena zaidi ya mara moja, na kila mara kwa njia ileile.

Anzia Uingereza, ambako kanuni za Super Touring zilianza mwaka 1990. Kiini chake kilikuwa kifupi: lita 2 bila turbo, milango minne, urefu usiopungua mita 4.2, injini isivuke mizunguko 8,500 kwa dakika. Mwaka 1994 BTCC, mashindano ya turingi ya Uingereza, ilikuwa na viwanda 10: Alfa Romeo, BMW, Ford, Mazda, Nissan, Peugeot, Renault, Toyota, Vauxhall na Volvo. Mwaka 2000 vilibaki vitatu: Ford, Honda na Vauxhall.

Katikati hapo kilitokea nini? Kikomo cha 8,500 kilifunga mlango mmoja tu. Chukua 3S-GE ya Toyota au SR20 ya Nissan: zote silinda ni milimita 86, na mwendo wa pistoni ni 86. Kwa mizunguko 8,500 pistoni inasafiri wastani wa mita 24.4 kwa sekunde, na kila fundi mzuri aliishia karibu farasi 300. Kuanzia hapo farasi watano wa ziada wanakula hela kuliko mia wa mwanzo. Basi hela zikahamia kwingine. Injini ikashushwa na kurudishwa nyuma hadi kukaribia ukuta wa dashibodi. Ikafuata shokapu, ikafuata kupunguza msuguano ndani ya giaboksi, kisha hewa.

Hewa ndiyo iliyoua. Mwaka 1994 Alfa ilikuja na 155 yenye bawa la nyuma na mdomo wa mbele ambao vipande vyake vya kuongezea viliuzwa pamoja na gari la dukani, mteja ajifungie mwenyewe akitaka. Wapinzani wakalalamika, Alfa ikaondoka Oulton Park kwa hasira, na bado Gabriele Tarquini akabeba ubingwa. Mwaka 1995 mabawa yakaruhusiwa kwa wote. Ilionekana haki. Kumbe kila timu sasa ililazimika kukodi handaki la upepo. Volvo nayo ikaachana na ile 850 ya mgongo mrefu ya 1994, ikaingia na sedani.

Angalia pia timu zilizokuwa nyuma ya gari hizo: Williams kwa Renault, TWR kwa Volvo, Prodrive kwa Ford ya mwisho. Timu binafsi yenye makanika wanne itapona wapi hapo?

Hoja yangu: hakuna kilichokufa ambacho kanuni nzuri haiwezi kukirudisha. Karibuni mpinge, ila njooni na namba.

#2 Kona_Yai

Mkuu historia umeipanga vizuri, lakini umemsahau marehemu mwenyewe. Gari zenyewe hazipo tena! Mondeo iliacha kutengenezwa Ulaya 2022. Insignia nayo 2022. Fiesta 2023. Focus Novemba 2025. Utafufua mbio za sedani wakati duka limejaa SUV?

Brazili wameshakubali. Tangu 2025 Stock Car yao inakimbia na maumbo ya Corolla Cross, Tracker na Eclipse Cross. Hayo ndiyo mazishi yenyewe, hata kama muziki unapigwa.

#3 Gerezani_Spea

Niongeze Japani, maana huko ndiko kuna gari ambazo wasomaji wa hapa wanazijua kwa namba za chasisi.

JTCC, mashindano ya turingi ya Japani, ilihamia kanuni za Super Touring mwaka 1994. Corona, Corona EXiV, Primera, Accord, Civic, hadi Chaser. Zile EXiV mnazoziona zimepaki chini ya mwembe na taa zimepauka, ndugu zake walikuwa wakikimbia Suzuka. Bingwa wa 1994 ni Masanori Sekiya na Corona. 1995 Steve Soper na BMW 318i. 1996 na 1997 Honda Accord, kwanza Naoki Hattori halafu Osamu Nakako. Baada ya hapo Honda na Nissan wakafunga virago. Msimu wa 1998 ukabaki Toyota ikishindana na Toyota, Sekiya akashinda na Chaser, na 1999 hakukuwa na mbio.

Kwa hiyo Kona_Yai, mwaka 1998 Japani sedani zilikuwa zimejaa barabarani, na mbio zikafa vilevile. Uhaba wa gari hauelezi kifo hicho. Viwanda viliona JGTC, mbio za gari za GT za Japani, inawapa uhuru zaidi na picha kali zaidi kwa hela zilezile, wakahama.

#4 Kona_Yai

Hilo la Japani nimelimeza. Lakini kifo cha zamani kwa bajeti hakimaanishi ufufuo wa leo hauzuiwi na kitu kingine. Mgonjwa anaweza kupona malaria akagongwa na bodaboda.

#5 Bi_Stabilaiza

Ujerumani wamekufa mara mbili, na vifo vyote viwili vinafundisha.

Cha kwanza ni 1996. DTM (mashindano yao ya turingi) ya miaka ya 80 na mwanzo wa 90 ilikuwa ya BMW M3, Mercedes 190E na Audi V8, gari ambazo mteja aliweza kuzinunua. Mwaka 1993 wakaingia kanuni za Class 1: V6 ya lita 2.5, na Nicola Larini akaja na Alfa 155 V6 TI akawafunga nyumbani kwao. Kuanzia hapo ni ABS ya mashindano, difu za kielektroniki, udhibiti wa mtelezo. Mwaka 1996 mashindano yakiitwa ITC wakayasafirisha hadi Interlagos na Suzuka. Manuel Reuter akashinda na Opel Calibra, halafu Opel na Alfa wakaondoka. Mercedes ilibaki peke yake, na mtu hashindani na kioo.

Cha pili ni cha taratibu. Ilirudi 2000 ikiwa na V8 za lita 4 na vipande vingi vya pamoja. Opel ikatoka baada ya 2005, BMW ikarudi 2012, Mercedes ikatoka mwisho wa 2018. Mwaka 2019 wakaleta injini mpya za lita 2 zenye turbo, zaidi ya farasi 600. Aprili 2020 Audi ikatangaza inaondoka. Viwanda viwili vimebaki, kimoja kimeaga. 2021 wakahamia GT3.

Sasa linganisha na WTCC, mashindano ya dunia ya turingi. Mwaka 2014 wakaleta kanuni za TC1: injini za 1.6 turbo karibu farasi 380, mabawa makubwa, gari pana. Citroën ikaja na C-Elysée na bajeti ya kiwanda, José María López akachukua 2014, 2015 na 2016. Msimu wa 2017 ndio ukawa wa mwisho kwa jina hilo.

Ukiangalia vifo vyote hivi, ugonjwa wa mwisho ni mmoja: gari isiyoweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Calibra ya 1996 au C-Elysée ya TC1, kiwanda kikiondoka, nani ataiendesha? Kontroli boksi (kompyuta ya injini) inahitaji mhandisi wa kiwanda, vipuri havipo kwenye orodha yoyote, giaboksi ni ya toleo la gari sita duniani. Kiwanda kinapotoka kinaondoka na gari zake, na mstari wa kuanzia unabaki na mashimo.

#6 Mizani_Kilo

Ndiyo maana TCR ikaja. Marcello Lotti, aliyewahi kusimamia WTCC yenyewe, alianzisha mfumo ambao kiwanda hakishindani, kinauza. Msimu wa kwanza ni 2015. Lita 2 turbo, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, karibu farasi 350, diski za mbele hadi milimita 380. Audi RS 3 LMS ilipotoka ilitangazwa euro 129,000 kwa giaboksi ya mashindano na euro 99,000 kwa DSG, giaboksi ya otomatiki ya barabarani. Hizo ni bei ambazo mwenye gereji na wadhamini wawili anaweza kuziota bila kuamka na jasho.

Lakini nisifiche kasoro. TCR inaishi kwa mizani: kila aina ya gari inapangiwa uzito, kimo kutoka ardhini, na kiwango cha nguvu ya injini, asilimia 97.5, 100 au 102.5. Juu yake kuna uzito wa fidia, ambao enzi za WTCR, mashindano ya dunia yaliyofuata WTCC, ulifika kilo 60 kwa gari iliyokuwa kali. Matokeo yake mhandisi akigundua kitu kizuri, wiki mbili baadaye anabebeshwa mawe. Mashabiki wa siku hizi wanajua kusoma karatasi ya uzito kuliko kusoma kona.

Na kuna kuficha kasi. Dereva anaachia mafuta mita 20 kabla ya mstari, au timu inaweka mipangilio mibaya ya kona makusudi, ili takwimu zionyeshe gari ni ya polepole kumbe imejificha.

#7 Sampu_Kavu

Kuficha kasi kunakamatika mkuu, ila si kwa kuangalia saa ya mzunguko. Unachukua data ya kifaa cha kurekodi: kasi ya chini kabisa katikati ya kona, nafasi ya pedali ya mafuta, na shinikizo la breki. Gari iliyojificha inaonyesha kona nzuri na mnyoofu wa hovyo, au pedali iliyoachiwa mapema bila breki kuguswa. Ukigawa mzunguko vipande vidogo na kuunganisha kipande bora cha kila eneo, unapata mzunguko ambao gari ingeweza kuutembea. Pengo kati ya huo na mzunguko halisi likiwa kubwa kila mara, kuna mtu anacheza.

Makadirio ya kawaida: kilo 10 ni takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye njia ya kona za wastani. Kwa hiyo kilo 60 zinakaribia nusu sekunde na zaidi kidogo. Kwenye mbio ambazo gari 15 zinatoshana ndani ya sekunde moja, hiyo ni kutoka safu ya kwanza hadi ya tano.

#8 Njia_Panda

Samahani wakuu, swali la mgeni. Mbona gari za TCR zinateleza na kugeuka ghafla kwenye mzunguko wa kwanza, tena mkia ndio unaotoka, wakati magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta? Nilitegemea pua isukume nje.

#9 Difu_Pleti

Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini gari hizi ni ngumu kuliko zinavyoonekana.

Gari ya namna hii ina zaidi ya asilimia 60 ya uzito mbele. Tairi za mbele zinavuta, zinapinda na zinabeba sehemu kubwa ya breki. Zinachemka haraka. Za nyuma zinafuata tu, hivyo zinabaki baridi. Ili pua isisukume nje, mhandisi anakaza sana nyuma: springi ngumu, stabilaiza nene, hadi gurudumu la nyuma la upande wa ndani linanyanyuka kwenye kona. Gari ikipata joto inapinda vizuri. Ikiwa baridi, mkia haushiki kitu.

Hesabu ya upepo wa tairi iko hivi. Mbele ukiweka bar 1.4 hewa ikiwa nyuzi 25, ikifika nyuzi 90 utasoma karibu bar 1.9. Nyuma hewa inafika labda nyuzi 60 tu. Ukiweka 1.4 pia, utaishia 1.7, tairi inalala na kuyumba. Kwa hiyo nyuma unaanza na 1.6, nayo inaishia karibu 1.9. Wengi wanakosea kwa kuweka namba moja pande zote nne. Kosa la pili ni kujaza hewa ya kompresa yenye maji: mvuke unapandisha shinikizo kuliko hesabu, na hesabu yako yote inakuwa ya uongo. Tumia nitrojeni au hewa iliyokaushwa.

Mlalo wa tairi za mbele (camber) huwa hasi nyuzi 4 hadi 6. Ukipunguza, bega la nje linaliwa kabla mbio hazijafika nusu. Ukizidisha, breki inapungua kwa sababu kwenye mnyoofu tairi imesimama kwa ukingo wa ndani. Pima joto la tairi sehemu tatu mara gari inapoingia pit: ndani, katikati, nje. Ndani ikizidi nje kwa nyuzi 8 hadi 10 uko pazuri. Katikati ikiwa baridi kuliko pande zote, upepo mdogo. Katikati ikiwa moto kuliko pande zote, upepo mwingi.

Difu ya pleti ndiyo moyo. Ukikaza sana mkazo wa awali, gari inagoma kuingia kona za polepole na usukani unapigana na mikono. Ukilegeza sana, gurudumu la ndani linazunguka bure wakati wa kutoka, unapoteza tairi na muda pamoja. Na pleti zinachakaa: gari iliyokuwa nzuri Jumamosi asubuhi ikaanza kuteleza gurudumu la ndani Jumapili, kabla ya kugusa stabilaiza pima mkazo wa difu kwa spana ya kipimo, gurudumu moja limenyanyuliwa, jingine liko chini, gia haijaingia.

Mwisho, mizani ya pembe nne. Dereva awe kitini, mafuta nusu tenki, stabilaiza zimefunguliwa upande mmoja. Jumla ya kushoto mbele na kulia nyuma iwe asilimia 50, pengo lisizidi nusu asilimia. Ukipima huku stabilaiza zimefungwa utasawazisha mkazo wa stabilaiza badala ya gari.

Dereva anayejua hili anatumia mzunguko wa kupasha moto kukanyaga breki kwa nguvu akiwa na mizani ya breki imepelekwa nyuma, ili diski zichemshe rimu na rimu ichemshe tairi. Asiyejua anayumbisha usukani kushoto kulia, anapasha moto za mbele ambazo hazikuhitaji.

#10 Njia_Panda

Hii ningepaswa kuilipia. Asante sana.

#11 Grogan_254

Wakubwa, mimi naona ufufuo hautoki juu, unatoka kwa gari zilizotumika. TCR ya miaka mitano sita iliyopita iko sokoni Ulaya, na timu ndogo zinaishi kwa hizo. Lakini mnunuzi akienda na macho ya kununua Vitz ataumia. Hii ni orodha ya kuangalia, kwa mpangilio wa gharama.

Chasisi kwanza. Gari hizi zimegongwa zote, usidanganywe. Tafuta pointi za kufungia shokapu na krosimemba, pima mshazari: kutoka boliti ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Ikipishana zaidi ya milimita 3 au 4, bodi imepinda. Rangi mpya ndani ya paneli za injini ni dalili, maana hakuna mtu anayepaka rangi hapo kwa urembo.

Daftari la kilomita. Injini, giaboksi, difu, ekseli na mikono ya chini kila kimoja kina kilomita zake, na kiwanda kinaandika kikomo chake kwenye mwongozo wa gari. Muuzaji akisema "injini imefanywa juzi" bila karatasi, ihesabu kama ya kufanywa. Kwenye giaboksi ya gia za meno ya mbwa, fungua uangalie ncha za meno: zikiwa za mviringo gia inaruka ukiachia mafuta. Ndipo dereva analaumiwa bure.

Halafu vitu vyenye tarehe. Hapa ndipo watu wanalia. Kiti cha kiwango cha FIA 8855-1999 ni miaka 5. Cha 8862-2009 ni miaka 10. Mikanda ya 8853-98 ni miaka 5. Mfuko wa mafuta wa FT3-1999 ni miaka 5, na unaweza kuongezewa 2 ukirudishwa kukaguliwa na mtengenezaji. Kizima moto kinahudumiwa kila miaka 2. Gari "ya bei rahisi" ambayo vyote vinne vimeisha muda si ya bei rahisi.

Mwisho kontroli boksi. Uliza kama faili ya mizani ya sasa inaweza kupakiwa, na nani ana nywila. Gari ambayo kiwanda chake kimefunga idara ya wateja inaweza kuwa nzima kabisa na isiruhusiwe kukimbia kwa sababu ya faili moja.

#12 Bi_Stabilaiza

Hiyo aya ya mwisho ya Grogan ndiyo shimo la TCR. Tulisema inawakomboa wateja kutoka kwa viwanda. Kweli inawakomboa hadi siku kiwanda kinapoamua kuacha kuuza bampa.

#13 Betri_65

Mnajadili injini za petroli kana kwamba mwaka ni 1998. Sweden wamefanya: STCC, turingi yao, imekuwa ya umeme tangu 2024, Tesla Model 3, BMW i4, ID.3 na Cupra Born kwenye mstari mmoja. Gari ambazo watu wananunua leo. Kona_Yai alilia gari hazipo, hizi hapa.

#14 Kona_Yai

Nazikubali hizo, kwa kweli. Kwa mara ya kwanza miaka mingi umbo la kwenye njia linafanana na umbo la kwenye maegesho.

#15 Sampu_Kavu

Umbo sawa, muda je? Chukua ETCR, turingi ya umeme iliyokimbia 2021 na 2022: betri ya kilowati-saa 65, kilele cha kilowati 500, na kilowati 300 za kuendelea. Gawa 65 kwa 300: dakika 13 za mafuta yote sakafuni, na huwezi kuikausha betri hadi sifuri. Kwenye njia halisi dereva anaachia na kurudisha nguvu kwa breki, kwa hiyo muda unarefuka, lakini umefungwa kwenye mbio fupi fupi. Ndiyo maana walikimbia vikundi vidogo kama raundi za ngumi. Misimu miwili ikaisha.

Na uzito unarudi palepale kwa Difu_Pleti: kilo za betri zinachosha tairi, tairi ikichoka mbio zinakuwa za kutunza.

#16 Betri_65

Mbio za BTCC nazo ni fupi mkuu, tatu kwa siku moja. Mtazamaji wa turingi hajawahi kutaka saa mbili. Umeme una matatizo, ila hilo la muda si kubwa kama unavyolifanya.

#17 Sampu_Kavu

Hapo umenikamata kidogo. Tatu kwa siku maana yake uchaji katikati, na chaja za nguvu hiyo kwa gari 20 kwenye njia ya kijijini ni jenereta za lori. Lakini kanuni ya mbio fupi, nakubali.

#18 Bi_Stabilaiza

Sasa nirudi BTCC, maana ndiyo pekee kwenye uzi huu iliyokufa ikafufuka na bado inatembea, na watu wanaitaja kwa haraka mno.

Baada ya 2000 hali ilikuwa mbaya. 2001 kanuni mpya, Vauxhall Astra Coupé wakatawala, Jason Plato bingwa, na ili mstari uonekane umejaa wakachanganya na daraja la gari za kawaida. Hiyo ndiyo sakafu. Kilichoirudisha kwa nguvu ni kanuni za NGTC, kuanzia 2011. Tazama walichokifanya kwa makini, maana si "kupunguza gharama" kwa jumla. Walichagua vitu ambavyo mtazamaji havioni na kuvifanya vya wote: krosimemba ya mbele na ya nyuma pamoja na mikono yake, giaboksi ya Xtrac ya gia sita, breki na klachi za AP Racing, umeme wa Cosworth. Injini ni lita 2 turbo, na asiyetaka kujenga yake anakodi ile ya TOCA, waandaaji wa BTCC. Kilichobaki huru ni bodi, na kazi ya mhandisi kwenye mipangilio.

Faida yake inaonekana Jumapili saa saba mchana. Gari imegongwa pembe ya mbele kwenye mbio ya kwanza. Unafungua krosimemba nzima na mikono, unaweka nyingine iliyopangwa tayari kwenye toroli, unafunga, unapima mlalo na uelekeo kwa kamba mbili zilizonyooshwa sambamba na gari. Kama pointi za bodi hazijapinda, gari inakimbia mbio ya pili. Kama zimepinda, kamba itakuambia mapema: unasawazisha uelekeo mbele lakini usukani haukai katikati, au gurudumu moja limerudi nyuma milimita kadhaa kuliko mwenzake. Hapo acha, usilazimishe, utakula tairi mbio nzima na kuvunja ekseli.

Na jambo la pili: walikubali kurudi nyuma. Mwaka 2022 walileta haibridi, anayeongoza pointi akinyimwa muda wa kuitumia badala ya kubebeshwa vyuma. 2025 wakaiondoa, wakaingia na mafuta yasiyotokana na visukuku. Mashindano mengi yangeng'ang'ania kwa aibu.

#19 Mizani_Kilo

Sawa dada, ila NGTC ina deni lake. Krosimemba moja, giaboksi moja, breki moja, injini ya kukodi: Hyundai i30 na Ford Focus zinatofautiana nini zaidi ya paneli? Kwenye Super Touring ulisikia V6 ya Mondeo ikipita, halafu silinda tano za Volvo, halafu Audi A4 ya kuvuta magurudumu yote ikitoka kona ya mvua kama imepigwa kofi. Walipomuona Frank Biela ameshinda 1996 kwa nafasi walimwongezea uzito, kisha magurudumu manne yakapigwa marufuku. Utofauti ndio uliokuwa starehe.

#20 Bi_Stabilaiza

Na utofauti huohuo ndio uliozaa bajeti iliyowafukuza. Huwezi kupata starehe bila risiti, kaka. Angalau i30 na Focus bado zinapishana kwa umbo na urefu kati ya ekseli, na BMW inavuta nyuma. Kwenye mvua na wakati wa kuondoka unaona tofauti hata bila kuambiwa.

#21 Gerezani_Spea

Pendekezo langu kwa anayetaka kuandika kanuni leo. Acha injini huru, lakini weka sheria ya kuuziana: baada ya mbio timu yoyote inaweza kuinunua injini ya mshindi kwa bei iliyopangwa mwanzoni mwa msimu, na mshindi hana ruhusa ya kukataa. Njia za udongo Marekani wameitumia. Hakuna mtu atakayeweka injini ya laki mbili kwenye gari kama anaweza kuipoteza kwa elfu thelathini. Utofauti wa sauti unarudi, bajeti inajifunga yenyewe.

#22 Sampu_Kavu

Hii naipenda. Silinda tano zirudi!

#23 Difu_Pleti

Ingefanya kazi kwenye kabureta. Kwenye turbo ya leo mnunuzi anapata chuma tu. Farasi wenyewe wako kwenye faili: presha ya turbo, muda wa cheche, mkato wa mafuta wakati wa kubadili gia, jinsi turbo inavyowekwa hai dereva akiachia pedali. Ukiinunua injini ya mshindi ukaifunga na faili yako, kuna uwezekano mkubwa uyeyushe pistoni kabla ya mapumziko ya mchana.

#24 Gerezani_Spea

Basi faili iuzwe pamoja, kwa bei hiyohiyo.

#25 Difu_Pleti

Hapo umenigusa. Lakini jiulize nani atakagua kwamba faili uliyouziwa ndiyo iliyokimbia. Itabidi mratibu azifunge kontroli boksi zote kwa lakiri na kupakua nakala baada ya kila mbio, kabla gari haijarudi kwenye hema la timu. Kama yuko tayari kuajiri watu wawili kwa kazi hiyo tu, mimi nitaunga mkono.

#26 Grogan_254

Watu wawili na laptop mbili ni rahisi kuliko handaki moja la upepo.